Nani Anamlipa Kasisi wa Kijijini? Hesabu za Parishi ya Kiepiskopali ya Virginia

Parishi ya kijijini ya Kanisa la Kiepiskopali, yaani Kanisa la Anglikana la Marekani, ikifungwa, watu hutoa sababu mbili: vijana wamehamia mjini, na waliobaki wamepoa katika dini. Zote mbili zina ukweli. Hata hivyo hazielezi kwa nini kanisa dogo la Kibaptisti kwenye barabara ileile, lenye waumini thelathini vilevile, linaendelea kufungua milango kila Jumapili. Anayetaka jibu aombe kuona daftari la mweka hazina. Humo atakuta kwamba parishi ya kijijini, tangu ilipoanzishwa, ni mara chache sana imemlipa kasisi wake kwa sadaka za waumini wake peke yao. Karibu kila kizazi kilikuwa na mlipaji mwingine, na leo walipaji wanakwisha.

Mlipaji wa kwanza alikuwa tumbaku. Virginia ilipokuwa koloni, Kanisa la Uingereza, mama wa Kanisa la Kiepiskopali la leo, lilikuwa kanisa la serikali. Sheria ya 1662 iliipa kila parishi baraza la watu 12, na mjumbe akifa au akihama, waliobaki ndio waliomteua wa kujaza nafasi. Kwa hiyo wenye mashamba makubwa walichaguana wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi. George Washington alikuwa mjumbe wa baraza la Parishi ya Truro, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa baraza lilifanya kazi nyingi ambazo leo tungeziita za serikali ya mtaa. Lilitunza maskini na yatima. Lilisimamia shughuli ya kutembea mipaka ya mashamba kila baada ya miaka minne na kuhuisha alama zilizochongwa kwenye miti. Wazee wa kanisa walipeleka mahakamani wazinzi na wasiohudhuria ibada.

Kila mwaka baraza lilijumlisha gharama zote, likazigawanya kwa idadi ya vichwa vinavyotozwa ushuru. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Kichwa kilichohesabiwa kilikuwa mwanamume Mzungu aliyetimiza miaka 16, na kila mtumwa Mweusi wa umri huo, mwanamume kwa mwanamke. Aliyelipa ni bwana, na alilipa kwa paundi za tumbaku, yaani paundi za uzito, si za fedha. Maana yake ni kwamba mshahara wa kasisi ulipimwa kwa idadi ya watumwa, na tumbaku yenyewe waliilima haohao. Baadhi ya mabaraza yalikwenda mbali zaidi, yakanunua watumwa wa kulima shamba la kasisi. Wanaopenda kuzungumzia enzi za parishi zenye nguvu huruka sehemu hii ya hesabu, na wakiiruka hawawezi kueleza nguvu hizo zilitoka wapi.

Kiwango kilichowekwa mwaka 1696 kilikuwa paundi 16,000 za tumbaku kwa mwaka, zaidi ya tani 7. Juu ya hapo kasisi alipewa nyumba na shamba la parishi, ambalo sheria ya 1727 ilitaka lisipungue ekari 200. Kwenye karatasi ni malipo ya kuridhisha, ila yalikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni aina ya tumbaku. Parishi zilizolima tumbaku nyepesi yenye harufu nzuri zilimpa kasisi mali yenye bei, na zilizolima aina ya Oronoco zilimpa uzito uleule wenye thamani ndogo, kwa hiyo parishi za namna ya pili zilikaa muda mrefu bila kasisi. Ya pili ni bei yenyewe. Mavuno yalipokuwa haba mwaka 1758 na bei ikapanda, wabunge wa koloni walipitisha sheria ya kuruhusu madeni ya tumbaku yalipwe kwa fedha, peni mbili kwa paundi, wakati sokoni paundi iliuzwa kwa bei iliyokuwa juu zaidi ya hiyo maradufu. Makasisi walilalamika London na mfalme akaifuta sheria hiyo. Kasisi James Maury alifungua kesi kudai tofauti yake. Mahakama ya Hanover ilikubali kwamba ana haki, kilichobaki ni baraza la wazee wa mahakama kupanga kiasi. Desemba 1763 wakili kijana aitwaye Patrick Henry alisimama upande wa pili, akawashambulia makasisi na mfalme kwa pamoja, na Maury akapewa fidia ya peni moja.

Kesi hiyo husimuliwa kama dalili ya mapinduzi ya Marekani dhidi ya Uingereza yaliyokuwa njiani, na ndivyo ilivyokuwa. Kwa historia ya parishi ina somo jingine: watu walioshika mfuko wa kasisi walikuwa tayari kumpunja pale tu fursa ilipotokea. Na hakukuwa na askofu wa kumtetea. Kanisa la Uingereza halikuweka askofu hata mmoja kwenye makoloni hayo. Kijana aliyetaka upadirisho alivuka bahari hadi London. Mabaraza yaliutumia mwanya huo ipasavyo: badala ya kumpeleka kasisi kwa gavana asimikwe rasmi, jambo lililompa haki ya kukaa maisha yake yote, yalimwajiri mwaka hadi mwaka. Askofu wa kwanza wa Marekani, Samuel Seabury, alitawazwa Novemba 1784 huko Aberdeen na maaskofu wa Scotland, vita vya uhuru vikiwa vimekwisha. Hadi leo baraza la parishi ya Kiepiskopali lina mamlaka ambayo Mwanglikana wa Dodoma au Machakos angeyashangaa: ndilo linalomtafuta kasisi, linalomhoji na kumchagua, kisha jina linapelekwa kwa askofu.

Baada ya uhuru mlipaji aliondoka kwa awamu. Mwaka 1776 wasio wa kanisa hilo walisamehewa ushuru, 1779 mshahara wa ushuru ukafutwa kabisa, 1786 ikapita Sheria ya Uhuru wa Dini iliyoandikwa na Thomas Jefferson, na 1802 serikali ikaamuru mashamba ya parishi yauzwe kila nafasi ya kasisi inapobaki wazi. Takwimu zinazonukuliwa tangu karne ya 19 zinasema Virginia iliingia vitani ikiwa na parishi 95 na makasisi 91, ikatoka na makasisi 28. Christ Church ya Kaunti ya Lancaster, kanisa la matofali lililokamilika mwaka 1735 kwa fedha za Robert Carter, tajiri aliyeitwa “Mfalme”, liliachwa kwa miaka mingi. Kwa kuwa hakukuwa na fedha za kulikarabati, hakuna aliyeondoa mimbari yake ya ngazi tatu wala mabenchi yake yaliyozungushiwa kuta za mbao. Ufukara umehifadhi makanisa mengi ya zamani kuliko kamati za uhifadhi.

Mlipaji wa pili alikuwa Wakristo wa mbali. Kanisa liliunda chama cha misheni mwaka 1821, na mwaka 1835 mkutano mkuu ulitangaza kwamba kila aliyebatizwa ni mwanachama wake, kisha ukamtuma Jackson Kemper kuwa askofu wa kwanza wa misheni upande wa magharibi. Kanuni hutofautisha parishi, inayojitegemea na kuchagua kasisi wake, na misheni, inayosaidiwa na dayosisi na kuletewa kasisi na askofu. Makanisa mengi ya vijijini yamekuwa yakipanda na kushuka kati ya hali hizo mbili. Kusini mwa Virginia, James Solomon Russell, aliyezaliwa utumwani mwaka 1857, alifika Lawrenceville mwaka 1882 akiwa shemasi, na mwaka 1888 akaanzisha shule iliyokuja kuwa Chuo cha Saint Paul’s. Hakuwa na shamba la parishi wala ushuru. Aliandika barua kwa wafadhili wa kaskazini na kusafiri kuomba. Chuo kilifungwa 2013, kwa sababu zinazofanana sana na zile zinazofunga parishi.

Kisha kukaja jambo jema lililobadilisha hesabu kimyakimya. Mwaka 1917 ulianza mfuko wa pensheni wa makasisi, kazi ya Askofu William Lawrence wa Massachusetts. Kabla yake kasisi mzee wa kijijini alihudumu mpaka anaanguka, au alitegemea hisani. Mfuko uliondoa aibu hiyo. Lakini makasisi wa bei rahisi, wale wazee waliokubali parishi ndogo kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, walianza kutoweka.

Tufanye hesabu ya leo, kwa mfano tu. Parishi ina watu 35 Jumapili, na kaya 20 zinazotoa ahadi ya sadaka ya dola 2,500 kwa mwaka kila moja. Hizo ni dola 50,000, na ahadi hazitimizwi zote. Tuseme kasisi wa muda wote analipwa dola 60,000, mshahara na makazi kwa pamoja. Parishi inaongeza pensheni ya asilimia 18 ya jumla hiyo, yaani 10,800. Bima ya afya ya familia huvuka 20,000 bila shida. Kisha kuna kodi: kwa hifadhi ya jamii, serikali ya Marekani humhesabu kasisi kama mtu aliyejiajiri, anadaiwa asilimia 15.3, na parishi nyingi humrudishia nusu. Tumeshapita dola 90,000 kabla ya mchango wa dayosisi, bima ya jengo, mafuta ya kupasha joto na mshumaa mmoja. Anayetaja nyumba ya kasisi kama nafuu asisahau kwamba thamani ya makazi nayo inaingia kwenye hesabu ya pensheni.

Mbaptisti jirani hana tatizo hilo kwa sababu mhubiri wake anaendesha basi la shule siku za kazi, na hakuna kanuni inayomzuia. Mwepiskopali anaweza kufanya hivyo pia, lakini ametegewa mtego ambao wengi hawauoni, nao uko kwenye Kitabu cha Sala.

Parishi za kikoloni zilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, kwa hiyo nyingi zilikuwa na makanisa mawili au matatu. Kasisi alizunguka. Jumapili ambayo hakuwepo, karani wa kanisa alisoma Sala ya Asubuhi na hotuba iliyochapishwa, na watu wakarudi nyumbani wakijua wameabudu. Ushirika Mtakatifu ulikuwa mara tatu au nne kwa mwaka. Utaratibu huo, ukiongeza idadi ya Ushirika, uliendelea katika parishi nyingi hadi katikati ya karne ya 20, na ulivumilia kukosa kasisi kwa miezi kadhaa bila kelele. Kitabu cha Sala cha 1979 kilitamka kwamba Ushirika Mtakatifu ndio ibada kuu ya Siku ya Bwana. Kiteolojia siubishii uamuzi huo. Ni wa kale kuliko Sala ya Asubuhi. Kiutendaji, kwa kuwa Ushirika hauwezi kuadhimishwa bila kasisi, uligeuza kila Jumapili isiyo na kasisi kuwa Jumapili yenye upungufu. Kanisa lilipandisha mahitaji ya makasisi katika miaka ileile ambayo idadi ya waumini ilikuwa inashuka kutoka kilele cha zaidi ya milioni 3 cha miaka ya 1960.

Msomaji wa Tanzania au Kenya ameshaona jambo analolifahamu. Parishi ya Kianglikana ya kijijini huko kwetu ina kasisi mmoja na mitaa kadhaa, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake, na wanaoshika ibada Jumapili nyingi ni makatekista au wainjilisti. Kwa muundo, inafanana zaidi na Virginia ya 1750 kuliko Virginia ya leo inavyofanana na hiyo ya 1750. Tusijisifu sana, kwa kuwa katekista mara nyingi analipwa kidogo au halipwi kabisa, na mtaa unaweza kukaa wiki nyingi bila Meza ya Bwana. Lakini mtaa haufungwi kwa sababu kasisi amehamishwa.

Aliyeliona tatizo hili mapema alikuwa Mwingereza Roland Allen, mmisionari wa zamani wa China, aliyeanza kuchapisha hoja zake mwaka 1912. Alisema kwamba kanisa lolote la mahali linapaswa kuwapadirisha wazee wake wenyewe, watu wenye kazi zao, wasiolipwa. Vinginevyo sakramenti inakuwa bidhaa adimu inayofuata mshahara. Maaskofu wengi hawakumsikiliza. Alihamia Kenya miaka ya 1930, akajifunza Kiswahili uzeeni, akatafsiri tenzi kwa Kiingereza, na akafariki Nairobi mwaka 1947. Mwanawe, J.W.T. Allen, wasomaji wa tenzi wanamjua vizuri.

Hoja za Allen zilipata wafuasi katika dayosisi za Marekani zenye watu wachache na umbali mkubwa. Askofu William Gordon wa Alaska, aliyerusha ndege yake mwenyewe kati ya vijiji, alitaka wazee wenyeji wapadirishwe kwa ajili ya vijiji vyao. Wesley Frensdorff aliufanya huo kuwa mpango wa dayosisi nzima ya Nevada kuanzia miaka ya 1970, na Thomas Ray akafanya hivyo Northern Michigan miaka ya 1980. Utaratibu unajulikana. Usharika hauombi watu wajitolee. Unakaa, unasali na kuwataja wale ambao tayari watu huwaendea. Kundi hilo husoma pamoja kwa miaka miwili au mitatu jioni, chini ya mwalimu anayezungukia makanisa kadhaa. Mwishoni mmoja au wawili wanapadirishwa, mwingine anakuwa shemasi, wengine wanapewa leseni ya kuhubiri, kutembelea wagonjwa, kuongoza ibada. Hakuna anayelipwa mshahara isipokuwa mwalimu.

Panapoharibika panajulikana pia, na watetezi wa mpango hawapendi kupataja. Kosa kubwa ni kufundisha kundi moja tu. Aliyetajwa akiwa na miaka 58 anafika 75 bila mrithi, na kanisa linarudi palepale, safari hii likiwa limechoka zaidi. Kosa la pili ni askofu mpya asiyeamini mpango huo. Mwalimu akistaafu hapewi mrithi, na mafunzo yanakufa bila tangazo. La tatu ni la ndani ya usharika: baada ya mwaka mmoja kila mtu anamwachia aliyepadirishwa kazi zote, na yule mwalimu wa shule anakuwa kasisi wa muda wote asiyelipwa. Dawa ya hili ni ratiba ya mahubiri iliyoandikwa ya watu wasiopungua watatu, na askofu aikague. La nne ni ujirani. Kasisi anayemdai mtu pesa za nyasi, au aliye binamu yake, hawezi kumsikiliza maungamo yake. Kwa hiyo kasisi wa nje lazima afike, hata mara nne kwa mwaka.

Hata mpango huo ukifaulu, jengo halijui. Makanisa mengi madogo ya mbao ya Marekani yana damu ya Richard Upjohn, msanifu wa Trinity Church ya New York, ambaye mwaka 1852 alichapisha michoro ya kanisa la bei nafuu ambayo fundi wa kijijini angeweza kuifuata: mbao za kusimama wima, na papi nyembamba juu ya kila kiungo. Ni majengo mazuri, yanayoozea chini. Mfereji wa paa ukiziba, maji hurukia boriti ya msingi, na rangi mpya juu ya boriti iliyooza huficha hasara kwa miaka mitano. Makanisa ya matofali ya kikoloni yana adui mwingine, ambaye ni fundi mwenye nia njema. Matofali yale ni laini na yalijengwa kwa chokaa. Ukiziba viungo kwa saruji, unyevu unaokuwa umezoea kutokea kwenye chokaa unatokea kwenye tofali. Baridi ikifika unaganda, na uso wa tofali unabanduka. Kazi ya chokaa ni ghali kidogo zaidi, na baraza linalotafuta nafuu huishia kununua matofali.

Kuna na suala la joto. Kanisa linalopashwa moto Jumamosi usiku hadi Jumapili saa sita, kisha kuachwa kwenye baridi kali wiki nzima, linapasua mbao za kinanda na mabomba ya maji. Ni busara kuyamwaga maji ya mabomba na kusali kwenye ukumbi mdogo kuanzia Januari hadi Machi. Lakini kabla ya kufunga jengo kwa muda mrefu, mweka hazina asome bima: sera nyingi hupunguza au kuondoa fidia jengo likikaa tupu zaidi ya siku 60.

Hivyo tunafika kwa mlipaji wa tatu, ambaye ni marehemu. Parishi nyingi za kijijini za Virginia na kwingineko zinaishi kwa wakfu ulioachwa na watu waliozikwa uani. Kanuni ya busara ni kutoa asilimia 4 hadi 5 ya wastani wa thamani ya miaka mitatu. Parishi yenye upungufu wa dola 30,000 na wakfu wa 400,000 inahitaji asilimia 7.5, na inajiambia ni kwa mwaka huu tu. Mwaka unaofuata wakfu ni mdogo na asilimia ni kubwa. Makosa mawili huandamana na hilo: kuuza nyumba ya kasisi na kulipia mishahara kwa fedha hizo, na kuchota fedha za makaburi kwa ajili ya umeme. La pili si kosa la busara tu. Fedha zilizotolewa kwa kusudi maalumu zinalindwa na sheria ya jimbo. Kanuni za kanisa zinataka ukaguzi wa hesabu kila mwaka na taarifa ya parishi ifike kwa askofu ifikapo Machi 1, lakini penye mweka hazina yuleyule kwa miaka ishirini, ukaguzi huwa ni sahihi ya rafiki yake.

Baraza lililobaki na watu watano lisijidanganye kwamba jengo ni lao la kuuza. Tangu 1979 kanuni inasema mali ya parishi inashikiliwa kwa amana ya dayosisi na Kanisa zima, na kuuza au kuweka rehani kunahitaji kibali cha askofu na kamati ya kudumu ya dayosisi. Wenye uzoefu huanza na makaburi. Wajukuu wanaoishi mbali, wasiokanyaga ibada, hawatachangia mshahara wa kasisi, lakini watachangia kukata nyasi kwenye kaburi la bibi. Chama cha makaburi kisajiliwe kikiwa na wakfu wake, akaunti yake na ramani ya viwanja vyote vilivyouzwa, baraza likiwa bado na akidi ya kupitisha azimio. Likisubiri mpaka wabaki wajumbe wawili, dayosisi itarithi nyasi, ugomvi wa viwanja na daftari ambalo hakuna anayekumbuka liko kwenye kabati la nani.